Vipimo Ishirini na Vinne vya Kimya

Mwezi wa nane uliopita, sebuleni kwa Mama Pamela kule Kiptere, tulimsikilizisha Mwalimu Odongo konseto yetu kwa mara ya kwanza ikiwa na nyuzi zake. Ninasema yetu ingawa iliandikwa na Mcheki mmoja ambaye hatujawahi kumwona, kwa ajili ya tuba moja, ile tarumbeta kubwa ya besi, na kundi la ala za nyuzi, katika nchi ambayo sisi watatu tukiulizwa iko upande gani tutaonyesha dirishani tu. Nilikuwa nimeipata kwenye simu baada ya kuitafuta kwa miaka. Mwalimu sasa ni mzee, na sikio lake la kushoto lilibaki kwenye boila ya kiwanda alikofanya kazi maisha yake yote, kwa hiyo Mama Pamela aliitia simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ipande, tukasogeza viti. Tuba ilipoanza kuzungumza peke yake, chini kabisa, Mwalimu alifumba macho, na kidole chake kikaanza kugonga goti. Kisha tuba ikanyamaza na fidla zikaingia, polepole, moja juu ya nyingine, kama ukungu wa Mau unavyopanda kutoka bondeni na kuvuka shamba moja baada ya jingine bila haraka. Mwalimu alifumbua jicho moja. "Kumbe ndivyo," akasema. Akasikiliza tena. "Lakini hizi fidla ziko mob, nyingi mno. Zinaongea zote kama watu kwa matanga." Mama Pamela akamwambia hapo ndipo palipokuwa namba ishirini na nne. "Najua ni gani," Mwalimu akajibu. "Mimi ndiye nilikosea, si wewe." Tukacheka hadi mjukuu akaja kuchungulia mlangoni.

Mwaka tulipoipiga konseto ile nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai upande wa Kericho. Nilitoka Kimulot nikiwa na sanduku moja na barua ya kazi, nikapewa kitanda katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Pamela, kambini. Nyumba ile ilikuwa ya vyumba viwili, kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe juu, na kupitia dirishani ungeweza kuunyoosha mkono ukachuma jani. Mama Pamela alikuwa mchumaji wa siku nyingi na kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa la kambini. Alitoka kando ya ziwa, kama nusu ya watu wa kambi, na jioni ya kwanza aliniwekea ugali na omena, samaki wadogo waliokaangwa kwa nyanya, kila mmoja na jicho lake. Nilizitazama zile omena nazo zikanitazama. "Kula, nyar Kimulot," aliniambia, yaani binti wa Kimulot, na jina hilo likanishika mwaka mzima. "Usiogope macho. Ninyi mnakunywa maziwa yenye mkaa na hakuna mtu anawauliza." Nilikula. Baada ya wiki mbili nilikuwa ninazila na macho yake, na yeye alikuwa ameanza kuniuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kwetu bado kuna mursik, yale maziwa ya mkaa, na kama kuna mtu anayekuja Jumamosi.

Kazi yangu ilikuwa ndogo lakini yenye kelele. Wachumaji walishusha majani mara mbili kwa siku, na mimi nilisimama kwenye mizani nikisoma uzito wa kila mzigo kwa sauti na kuuandika. Watu ishirini walinizunguka wakiniambia mambo ishirini: huyu anataka asomwe kwanza, yule anasema mzigo wake umelowa umande, mwingine anasimulia harusi ya dada yake. Karani aliyenitangulia alishindwa katika wiki ya pili. Mimi niligundua kwamba ninaweza kuiweka nambari mahali fulani nyuma ya kichwa, kama mtu anavyoweka yai kwenye kikapu cha pamba, nikajibu mzaha, nikacheka, kisha nikarudi nikaikuta nambari bado nzima. Sikujua kwamba hicho ni kipaji. Nilidhani ni kazi tu.

Kambi ile ilikuwa na bendi ya kanisa, tarumbeta saba na ngoma moja, na kiongozi wake alikuwa Mwalimu Odongo, fundi wa boila. Bendi haikuwa na besi tangu mpigaji wake wa zamani alipostaafu akarudi kwao Nyando. Bila besi, wimbo wowote ulikuwa kama nyumba iliyoezekwa kabla ya msingi. Mwaka uliotangulia, Mcheki mmoja aitwaye Karel alikuja kiwandani kufunga mashine mpya ya kukaushia majani, na kila Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani kusikiliza tarumbeta. Siku ya kuondoka alimwambia Mwalimu maneno mawili tu, "Besi hakuna," akatikisa kichwa. Mwezi wa pili wa mwaka wangu ukaja mkasha mkubwa mweusi kutoka kwa Karel, ng'ambo. Mtunza stoo aliufungua, akaona mabomba yaliyojikunja na vifungo vinavyobonyezwa, akauandika kwenye daftari kama vipuri vya boila. Tuba yetu ilikaa stoo wiki mbili, kati ya ndoo za grisi na mikanda ya feni, mpaka Mwalimu alipokwenda kutafuta vali akaikuta. Watu wanasema alitoka stoo ameibeba kifuani kama mtoto aliyepona hospitalini.

Furaha haikudumu mwezi. Makao makuu ya kanisa, Nairobi, yalipata habari, na barua ikaja. Mwalimu aliisoma mbele ya bendi baada ya ibada, akiwa amevaa miwani ya kuazima. Barua ilisema kwa adabu kwamba ala ya namna hiyo si ya kuwekwa mahali isipopigwa. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mkuu wa bendi angefika kusikiliza. Kama kutakuwa na mtu wa kuipiga peke yake, wimbo mzima, ipasavyo, ibaki. Kama hakuna, ipakiwe.

"Ipakiwe," Mama Pamela alirudia. "Kama maiti."

Ndipo wanaume wakaanza kujaribu. Wa kwanza alikuwa fundi wa umeme mwenye kifua kama pipa. Alipuliza mara tatu akaomba kiti. Wa pili alitoa sauti, lakini Mwalimu alimwomba kwa upole aende nayo nje. Wa tatu aliona nyota. Mimi nilikuwa nimeleta tu birika la chai, na ninaamini hadi leo kwamba Mama Pamela alinituma na birika lile kwa makusudi.

"Jaribuni huyu," alisema. "Hawa watu wa huku wana mapafu ya kukimbia."

"Mimi sijawahi kukimbia," nikasema, "isipokuwa nikifukuzwa na ng'ombe."

"Hiyo pia ni mbio. Shika."

Nilishika. Mwalimu alinionyesha namna ya kuibana midomo, nikavuta pumzi, nikapuliza. Ilitoka noti moja nene, nikaisikia nyayoni kabla sijaisikia masikioni, na vioo vya dirisha vikatetemeka taratibu kama vinavyotetemeka lori la majani likipita. Mwalimu alichukua kikombe, akamimina chai, akaninywesha mwenyewe kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa. Nimepata mambo mengi mazuri tangu siku ile, lakini sijawahi tena kuijua nafasi yangu duniani kwa muda mfupi namna hiyo.

Nilijifunza noti kwa miezi miwili, Mwalimu akinichorea mistari mitano kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa chumba cha boila. Kwaya yote ilisoma solfa. Yeye peke yake alijua noti za mistari, na alijifunza mwenyewe kutoka kitabu cha bendi cha kanisa. Nyumbani sikuweza kufanya mazoezi kwa sababu ya kuku wa jirani, hivyo kila jioni nilibeba tuba hadi kwenye ua wa mwisho wa shamba, mahali chai ya kampuni inapokutana na kishamba cha Kogo Taplelei, ajuza wa Kikipsigis aliyeishi pale na ng'ombe wanne. Siku ya pili nilipoinua macho, ng'ombe wote wanne walikuwa wamesimama mstari mmoja kwenye ua, masikio mbele, wakinisikiliza bila kutafuna. Kogo alikuja na fimbo yake akasimama kando yao. Alitutazama sote watano. "Ng'ombe zangu zimeokoka," akasema. Tangu hapo alikuja kila jioni pamoja nao, na Jumapili alivuka ua akaja kusikiliza mazoezi ya bendi, ameketi mbele, na maziwa ya kumpa Mama Pamela kwenye kibuyu.

Sasa wimbo wa kupigwa peke yake ulikuwa wapi? Katika vitabu vyetu vyote hapakuwa na wimbo wa besi peke yake, kama vile hakuna mtu anayealika wageni kuja kutazama msingi wa nyumba. Lakini ndani ya mkasha kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko karatasi sita zilizochakaa, zenye maandishi ya Kicheki yaliyovaa vikofia juu ya herufi. Ilikuwa sehemu ya tuba ya konseto. Jumapili moja mchana Mwalimu aliitandaza kwenye meza ya Mama Pamela kati ya sahani, akaifuata kwa kidole. Mwanzo ulikuwa mzuri: noti ndefu za chini, kisha ngazi ya kupanda, kisha kitu kama mtu mnene anayejaribu kucheza bila kuonekana. Halafu noti zikakoma. Mahali pake palikuwa na mstari mnene mweusi uliolala katikati ya mistari mitano kama gogo, na juu yake nambari. Ishirini na nne. Ukurasa wa pili, gogo jingine: tisa. Kisha thelathini na moja. Karibu na mwisho, saba.

"Hii ni nini?" nikauliza.

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Ni nini nyingine? Ni nyimbo." Akachukua kitabu cha nyimbo cha kanisa. "Solo ananyamaza hapa. Kwaya inaimba namba ishirini na nne. Halafu solo anaendelea." Alifunua. Ishirini na nne ulikuwa wimbo wa mavuno. Tisa ulikuwa wa mazishi. Thelathini na moja, wa harusi. Saba, wa kubatiza watoto.

Mama Pamela aliweka mwiko chini. "Mazishi halafu harusi? Huyu mzungu alioa mjane."

"Na hii saba?" Mwalimu aliuliza.

"Si mjane alizaa."

"Basi ni hadithi ya kweli," Mwalimu akasema, na akaitazama ile karatasi kwa heshima mpya.

Nimefikiria kosa lile mara nyingi, na kila nikilifikiria naliona lina akili. Katika bendi ya kanisa hakuna anayepumzika. Wimbo ukianza, wote wanapiga hadi ubeti wa mwisho, na anayetaka kupumua hupumua kwa wizi. Mwalimu alikuwa amepiga muziki miaka thelathini bila kuona mahali ambapo mtu ameandikiwa kunyamaza. Angetoa wapi wazo kwamba kuna nchi ambako mtu anabeba shaba yote hiyo hadi mbele ya watu, kisha anaambiwa asiipige? Lakini nambari juu ya wimbo alikuwa ameiona kila siku ya maisha yake. Na hata hakukosea sana. Alijua kwamba pale mimi ninanyamaza na wengine wanaingia. Alikosea tu ni akina nani.

Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tano tulifanya mazoezi na kwaya nzima. Kanisa lilikuwa dogo, na bati lake lililia kila nikigusa noti ya chini, basi msimamizi wa kiwanda akatupa ghorofa ya kunyausha kila Jumapili mchana, siku ambayo hakuna uchumaji. Ni chumba kirefu kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia, chenye vitanda virefu vya wavu ambavyo majani hulazwa juu yake yanyauke, na harufu yake, feni zikiwa zimezimwa, ni kama tufaha lililosahauliwa ndani ya kabati la nguo. Nilipiga sehemu yangu, nikafika kwenye gogo, nikashusha tuba mapajani, na kwaya ikainuka ikaimba namba ishirini na nne beti zote sita. Nikaendelea. Wakaimba ya mazishi. Nikaendelea. Wakaimba ya harusi, na akina mama wakatoka mbele. Kufikia mwezi wa nane kambi nzima ilikuwa inakuja. Watu walisimama ngazini na kwenye madirisha, waliijua konseto ile kama wanavyoijua Krismasi, na ilipofika mahali pao waliimba pamoja na kwaya. Tuba ilikuwa na kama dakika ishirini za kupiga. Konseto nzima ilichukua saa moja na robo.

Karel alirudi siku ya Alhamisi, siku tatu kabla ya mgeni wa Nairobi, kuja kuitazama mashine yake. Alinisikia kutoka chini akapanda ngazi, mrefu, amekonda, mikono ina mafuta. Nilikuwa peke yangu. Nilipiga sehemu ya kwanza nikifurahi kwamba mwenye tuba ananisikiliza, na nilipofika kwenye gogo nikashusha tuba, nikaimba ubeti mmoja wa namba ishirini na nne ili nijue mahali pa kuendelea.

"Wewe kupiga vizuri," alisema kwa Kiswahili chake cha gereji. "Lakini kwa nini kuimba?"

Nilimwonyesha nambari, kisha kitabu. Alitazama kitabu, akatazama karatasi, akaketi kwenye ngazi, akacheka hadi akavua miwani. Haikuwa kicheko cha dharau. Alikuwa akicheka kama mtu aliyepewa zawadi ambayo hakujua kwamba ipo. Kisha akaacha ghafla, kwa kuwa aliona uso wangu. Akainua vidole vinne. "Hii kimya. Vipimo ishirini na nne. Kipimo moja, mapigo nne. Wewe hesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne. Tatu, mbili, tatu, nne. Hapa nyuzi zinapiga."

"Nyuzi ziko wapi?"

Alitazama pande zote za chumba, kana kwamba huenda ziko nyuma ya feni. "Praha, kwetu," alisema.

Nilimwuliza kama mkuu wa bendi wa Nairobi atajua. Alisema mtu yeyote anayesoma noti atajua kabla hajaketi. Niimbishe watu hapo, naye ataandika kwamba mpigaji hajui kusoma, na tuba itapakiwa. "Bila nyuzi, simama, hesabu," alisema. "Ukikosa hesabu, umepotea." Karatasi ilionekana ngeni mikononi mwangu, nami nikawaza jinsi nitakavyomwambia Mwalimu.

Nilimwambia jioni ile wakati wa chakula, alipokuja kula kwa Mama Pamela. "Mwalimu, zile namba si nyimbo."

Mkono wa Mama Pamela ulisimama hewani na tonge lake.

"Ni nini?" Mwalimu akauliza.

"Ni kimya. Ni vipimo vya kuhesabu."

"Ishirini na nne za kimya?"

"Ndiyo."

"Mtu mzima anasimama mbele ya watu ameshika kitu kubwa hivyo, ananyamaza, anahesabu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Bwana Karel amenionyesha."

Alinawa mikono ingawa hakuwa amemaliza. Alikwenda akasimama mlangoni, akiwa ametugeuzia mgongo, na tulisikia redio ya jirani ikitaja bei ya mahindi. "Mwezi wa tano hadi leo," alisema bila kugeuka, "nimefundisha kambi nzima kuimba mahali pa kunyamaza." Mama Pamela alifunika sahani ya Mwalimu ili chakula kisipoe. Kisha Mwalimu akarudi, akaketi, akavuta sahani yake. "Nitawaambia mwenyewe," akasema. "Wewe nenda ujifunze kuhesabu."

Aliwaambia waimbaji Jumamosi. Walikuwa wameshona sare mpya.

"Sasa sisi tunakuja kufanya nini?" mmoja aliuliza.

"Kunyamaza."

"Mwalimu, kunyamaza mtu anaweza kunyamazia kwake."

Lakini walikubali, kwa ajili ya tuba. Jambo moja tu tulilisahau, sote, hata Karel: waimbaji waliambiwa, lakini hakuna aliyeiambia kambi.

Mkuu wa bendi aliyefika Jumapili kutoka Nairobi, Bi. Njoki, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo na saa aliyoivaa upande wa ndani wa mkono. Aliomba nakala ya noti, akaiweka gotini, akatoa daftari na kalamu. Ghorofa ilijaa. Vitanda viwili vya mwisho vilikuwa bado na majani ya Jumamosi jioni, kwa kuwa wiki ile mavuno yalikuwa makubwa, na watu walijibana mbali navyo. Mwalimu alikuwa amevaa sare yake nyeupe ya bendi. Kogo Taplelei alikaa mstari wa pili, kitambaa kipya kichwani. Nikaanza. Noti za chini zilitoka kama nilivyozitaka, ngazi ikapanda, mtu mnene akacheza, na nikafika kwenye gogo. Nikaondoa mdomo. Nikashusha tuba. Moja, mbili, tatu, nne.

Sijui kama msomaji amewahi kuwasikia watu mia tatu wakisubiri wasichokijua. Bati lilitoa mlio mmoja kwa jua. Mtu alikohoa, akajuta. Mbili, mbili, tatu, nne. Nilisimama na ile shaba mikononi, na nilijua ninavyoonekana. Sasa, kwetu, katika makanisa ya huku, kuna desturi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: mtu akisimama mbele kutoa ushuhuda au kuimba, akakwama, haachwi. Hata awe adui yako, huwezi kumwacha asimame na aibu yake. Mtu mmoja kule nyuma huanzisha wimbo, wengine wanaudaka, na chini ya mwavuli ule aliyekwama anapata nafasi ya kupangusa uso na kukumbuka. Kufikia kipimo cha tano niliona Kogo amemwinamia jirani yake. Kipimo cha sita akanyoosha shingo. Nilijua uso ule. Nilijaribu kumkataza kwa macho, naye akaona macho yangu, akaona msichana anayeomba msaada.

Akaanzisha namba ishirini na nne.

Mstari wa kwanza aliimba peke yake, kwa sauti iliyopasuka. Wa pili kambi nzima iliingia, sakafu ikatetemeka. Kwaya ilistahimili hadi mwisho wa ubeti, midomo imebanwa, kisha sauti ya pili ikaanguka, na wa kwanza kuanguka alikuwa Mama Pamela. Mwalimu alirukia mbele akainua mikono yote miwili kuwazuia, na watu, walipomwona kiongozi ameinua mikono, wakaimba kwa nguvu zaidi. Kumi na moja, mbili, tatu, nne. Wimbo wao ulikwenda kwa tatu, wangu kwa nne. Nilipiga hesabu kwa kisigino cha kushoto. Kumi na tano. Kumi na sita. Nikaipeleka nambari yangu nyuma ya kichwa, kule ninakouweka uzito wa mizigo ya wachumaji, nikawaacha wapige kelele zao. Nadhani hata nilitabasamu. Ishirini na mbili. Nikainua tuba. Ishirini na tatu. Ishirini na nne, mbili, tatu, pumzi.

Nilipiga noti yangu katikati ya ubeti wa tatu, katikati ya neno. Watu walinyamaza kwa mafungu, wa mbele kwanza, kisha wa madirishani, kisha wa ngazini, na wa mwisho alikuwa Kogo, aliyemaliza mstari wake kwa kuwa si mtu wa kuacha kitu nusu. Aliniinamia kichwa kama kusema sasa uko sawa, endelea. Hadi alipofariki, miaka mingi baadaye, aliwaambia watu kwamba aliniokoa siku ile, na sikuwahi kumpinga.

Waliimba mazishi, kwa kuvuma tu. Waliimba harusi na vigelegele juu. Waliimba ubatizo. Kila mara nilihesabu, kila mara niliingia. Nilipomaliza, kila mtu alimgeukia Bi. Njoki. Lakini aliyesimama ni Mwalimu.

"Mama, kosa ni yangu," alisema. "Mimi ndiye niliwafundisha kuimba hapo. Msichana alijua ni kimya. Usimwandikie yeye."

"Keti, Mwalimu," alisema Bi. Njoki. Akanigeukia mimi. "Ulikuwa unahesabu?"

"Ndiyo."

"Wao walikuwa kwenye tatu."

"Na mimi nilikuwa kwenye nne."

"Na pale kwenye thelathini na moja, wakipiga vigelegele?"

"Pale nilitumia vidole vya miguu."

Watu walicheka, naye akasubiri wamalize. "Nimehesabu pamoja na wewe," alisema. "Mimi nilipotea kwenye thelathini na moja. Wewe hukupotea." Aliuliza kama ningependa kuhamia Nairobi, katika bendi kubwa, pamoja na tuba. Nilimtazama Mwalimu, aliyekuwa akitazama sakafu, na zile tarumbeta saba nyuma yake. Nikasema asante, lakini nina mizani kesho saa tatu. Bi. Njoki alifikiri kidogo, akaandika neno moja, akaligeuza daftari ili Mwalimu alisome mwenyewe. Ibaki.

Katika kiwanda cha chai unaweza kusamehewa kuchelewa, hata kulala kazini, lakini hakuna anayesamehewa kukaa juu ya majani. Mwalimu Odongo, aliyekuwa amewafukuza watu wengi kwenye vitanda vile, alisoma lile neno, akarudi nyuma hatua mbili bila kutazama, akaketi katikati ya majani ya Jumamosi kwa uzito wake wote. Msimamizi wa kiwanda alimwona. Alikuwa karibu naye kuliko nilivyokuwa mimi. Akageuka taratibu, akaanza kulichunguza paa, bati moja baada ya jingine, hadi Mwalimu aliposimama. Kisha tukashuka ngazi kwa bendi, tukaizunguka kambi yote, besi chini na tarumbeta juu, na Mwalimu mbele yetu na suruali yake nyeupe imegandwa na majani ya chai kutoka kiunoni hadi magotini, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.